IMAMU NAWAWI NA MPANGO WA SIKU YAKE

Kila aliyekaa mbele ya mwalimu katika darsa za Mombasa, Lamu au Malindi amelisikia jina la Imamu Nawawi. Kitabu chake cha Minhaji kimekuwa nguzo ya fiqhi ya Kishafii katika pwani yetu, na Riyadhi Swalihina na Arubaini zake husomwa misikitini hata na wasiokuwa wanazuoni. Lakini mara nyingi akitajwa Imamu huyu twatikisa vichwa, twamuombea rehema, kisha twasema kuwa hizo zilikuwa karama za watu wa kale. Tukisha kusema hivyo twanyanyuka twenda zetu, na siku yetu hubaki vile vile ilivyokuwa.

Karama za mawalii hatuzikanushi. Lakini neno hilo likigeuzwa kuwa kisingizio cha uvivu, hudhuru. Maisha ya Imamu yaliandikwa na mwanafunzi wake, Ibnul Attar, aliyemkhudumia na kumjua kwa karibu. Mwenye kuyasoma kwa mazingatio ataona kuwa sehemu kubwa ya khabari zake si maajabu. Ni khabari za mtu aliyeipanga siku yake, akaushika mpango huo, wala asiuwate.

Imamu Yahya bin Sharaf alizaliwa katika mwezi wa Muharram mwaka 631 wa Hijra, yaani 1233, katika mji mdogo wa Nawa, nchi ya Hauran, kusini ya Damaski. Baba yake alikuwa mtu wa dukani, si mwanachuoni. Alipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, wenziwe walikuwa wakimlazimisha kucheza nao, naye huwakimbia huku akilia na kusoma Qur'ani. Baba yake alimuweka dukani, lakini kuuza na kununua hakukumshughulisha na Qur'ani yake. Shekhe mmoja mcha Mungu, Yasin bin Yusuf, alimuona katika hali hiyo, akamwendea mwalimu wake na kumuusia amtunze kijana yule. Baba naye akakubali, akamuwacha asome mpaka akakhitimu karibu na kubaleghe. Basi na tutazame hapa: mwanzo wa kheri ile ulikuwa ni mzee mmoja aliyeona, na baba mmoja aliyekubali kupungukiwa na mkono wa kumsaidia dukani.

Mwaka 649 (1251), akiwa na umri wa miaka kumi na minane, baba yake alimchukua Damaski. Akapata chumba kidogo katika madrasa ya Rawahiya, akaishi kwa mkate wa madrasa. Huko alihifadhi kitabu cha Tanbihi kwa muda wa miezi minne na nusu, na katika miezi iliyobaki ya mwaka ule akahifadhi robo ya Muhadhabu. Baadaye akawa asoma darsa kumi na mbili kila siku kwa masheikh wake: za fiqhi, za hadithi, za nahau, za sarufi, za lugha, za usuli, za majina ya wapokezi wa hadithi, na za itikadi.

Darsa kumi na mbili kwa siku ni jambo la kustaajabisha, lakini lililo muhimu zaidi ni vipi alizichukua. Hakutoka darsani na masikio matupu. Kila darsa aliiandikia maelezo: akafafanua palipokuwa na uzito, akaweka wazi ibara, akadhibiti matamshi ya maneno. Alipokuwa njiani akenda au akirudi, alikariri aliyoyahifadhi au alitazama kitabu, hata mwendo wa njia nao ukawa na kazi yake. Kwa miaka kama miwili hakulaza ubavu wake chini. Usingizi ukimshinda, huegemea vitabu vyake kitambo kidogo, kisha huamka.

Jambo jingine ni kuwa alijua kuacha. Wakati mmoja alitamani kujifunza utabibu, akanunua kitabu cha Kanuni cha Ibnu Sina. Siku kadhaa moyo wake ukafanya kiza, asiweze kushughulika na kitu chochote. Akafikiri sababu yake, akaiona. Mara akakiuza kitabu kile na kuondoa nyumbani mwake kila kilichohusu fani ile, na moyo wake ukarudi katika nuru yake. Asije mtu akadhani kuwa utabibu ni elimu mbaya. Imamu huyo huyo ameandika kuwa utabibu na hisabu ni katika faradhi za kutosheleza, ambazo umma wote hupata dhambi ukikosa watu wa kuzisimamia. Lakini yeye alijua kuwa kazi aliyoumbiwa ni nyengine, na kwamba mwenye kushika mambo mengi kwa pamoja humponyoka yote. Wangapi kwetu leo wana biashara tatu, na hapana hata moja iliyosimama?

Mwaka 665 (1267) alikabidhiwa uongozi wa Darul Hadithi Ashrafiya, akakaa nao mpaka kufa kwake, wala hakujilia mshahara wa kazi ile. Chakula chake kilitoka kwa wazazi wake kule Nawa, na mavazi yake yalikuwa ya mtu wa kawaida. Kwa ajili hiyo ulimi wake haukuwa na mwenyewe. Sultani Baybars, ambaye wengi walimuogopa, alipowabana watu wa Damaski katika mashamba na mali zao, Imamu ndiye aliyemuandikia barua za nasaha bila ya kupinda maneno. Mtu asiyedaiwa na mtu huweza kusema haki, na mwenye matumizi madogo hadaiwi.

Katika miaka ile ndipo vilipotoka vitabu vyake: sharhe ya Sahihi Muslim, Raudha, Minhaji aliyoufupisha kutokana na Muharrari wa Rafii, Adhkari, Tibyani na vyenginevyo. Majmuu, kilicho kikubwa kuliko vyote, hakukimaliza. Alifika katika mlango wa riba, na baada yake Takiyudini Subki akajaribu kukiendeleza. Hata mtu huyu, pamoja na bidii yote ile, aliondoka na kazi mkononi. Basi itakuwaje kwa anayengoja kesho ndipo aanze?

Mwaka 676, alipotaka kurudi kwao, alirudisha vitabu vya wakfu alivyokuwa ameviazima, akazuru makaburi ya masheikh wake, akawaaga wenziwe. Akazuru Baitul Makdisi na Al-Khalil, kisha akaenda Nawa. Akaugua nyumbani kwa baba yake, na huko akafa tarehe 24 Rajabu, mwezi wa Disemba 1277, na baba yake yu hai. Umri wake ulikuwa miaka arubaini na tano ya Hijra. Wengi katika sisi tumeukaribia umri huo, na wengine tumeshaupita.

Hatusemi kuwa kila mtu alale kama alivyolala Imamu, au ale mara moja kwa siku kama alivyokula. Yeye hakuoa wala hakuwa na watoto. Sisi tuna wake, tuna watoto, na mwili nao una haki yake. Tulifaalo kulichukua kwake ni ule mpango. Seremala, mvuvi, karani na mwenye duka, kila mmoja aweza kuishika saa baada ya swala ya alfajiri, kabla ya watu kuanza kugonga mlango, akaipa kazi moja isiyobadilika. Aweza kuandika kila jioni alilolifanya na alilolibakisha. Aweza kuchagua kazi moja akaacha mbili. Aweza kurudisha cha watu kabla ya kudaiwa. Na baraza za baada ya Isha, ambazo ndani yake mna kheri ya kujuliana hali, zaweza kuwa na mwisho wake, zisile usiku hata alfajiri ikatukuta na usingizi.

Mwenyezi Mungu ameapa kwa wakati katika Kitabu chake, na hakuapa kwa jambo dogo. Minhaji tunao, twausoma na kuutabaruku. Mwenye kuuandika aliupata kwa saa alizozihisabu moja moja, na saa kama hizo kila mmoja wetu amepewa. Mola atuwafikie.