Mwenyeheri Karl wa Austria na Kazi Ngumu ya Kukomesha Vita

Tarehe 21 Oktoba ni kumbukumbu ya Mwenyeheri Karl wa Austria, Kaisari wa mwisho wa Austria na Mfalme wa Hungaria. Wenyeheri wengi hukumbukwa siku waliyofariki dunia; yeye hukumbukwa siku aliyofunga ndoa na Zita wa Bourbon-Parma, mwaka 1911. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kumtaja kama kielelezo cha baba wa familia, na ni haki kabisa. Hata hivyo, tungependa leo kumtazama katika kazi iliyomshinda, yaani kuiondoa nchi yake vitani.

Alizaliwa tarehe 17 Agosti 1887 katika ngome ya Persenbeug, kando ya mto Danube, na hakuna aliyedhani kwamba mtoto huyo angetawala. Lakini tarehe 28 Juni 1914 baba yake mkubwa, Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi, aliuawa pamoja na mkewe mjini Sarajevo. Mauaji hayo yakawasha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na Karl akawa mrithi. Alipelekwa kuongoza askari dhidi ya Waitalia na baadaye upande wa mashariki, hivyo alikuwa ameuona mstari wa mbele kwa macho yake kabla ya kuvikwa taji. Tarehe 21 Novemba 1916 Kaisari Franz Josef alifariki baada ya kutawala miaka 68. Karl, mwenye umri wa miaka 29, akarithi dola lenye mataifa zaidi ya kumi, mji mkuu wenye njaa, na vita ambavyo hakuvianzisha.

Msomaji anaweza kuuliza: kama Kaisari mwenyewe hakutaka vita, kwa nini hakuamuru viishe? Hapa ndipo penye fumbo. Tangu Septemba 1916 majeshi ya washirika yalikuwa chini ya uongozi mkuu wa pamoja, na kauli ya mwisho ilikuwa ya Ujerumani. Austria ilitegemea msaada wa Ujerumani kwa silaha na fedha. Kujitoa peke yake kungeweza kuwaleta askari wa Kijerumani ndani ya mipaka yake. Upande wa pili nao ulikuwa umejifunga: mwaka 1915, kwa mkataba wa siri wa London, Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliiahidi Italia ardhi ya Austria ili iingie vitani. Juu ya yote walikuwapo wafu. Kila serikali iliogopa kuwaambia wajane na mayatima kwamba baba zao walikufa bila faida, na kwa hofu hiyo ikaongeza wajane wengine. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ndivyo walivyofikiri watawala wa Ulaya, huku waliokuwa wakizama wakiwa ni vijana wa vijijini.

Karl alijaribu njia ya kifamilia. Ndugu wawili wa Zita, Sixtus na Xavier, walikuwa wakitumikia jeshi la Ubelgiji, yaani upande wa adui. Mnamo Machi 1917 mashemeji hao waliletwa kwa siri hadi Laxenburg, karibu na Vienna. Katika barua ya tarehe 24 Machi, Kaisari aliahidi kuunga mkono madai ya haki ya Ufaransa juu ya Alsace na Lorraine, na akakubali kwamba Ubelgiji na Serbia zirudishiwe uhuru wao. Lilikuwa jambo la ujasiri mkubwa. Tukubali pia kwamba ilikuwa rahisi zaidi kwake kutoa ardhi ya mshirika wake kuliko ardhi yake mwenyewe, maana kwa Italia barua hiyo haikuahidi kitu. Mwezi uliofuata, wakuu wa Uingereza na Ufaransa walipokutana na Waitalia huko Saint-Jean-de-Maurienne, Waziri Sonnino alikataa amani yoyote isiyoipa Italia ilichoahidiwa, na mlango ukafungwa.

Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, Baba Mtakatifu Benedikto XV aliwaandikia wakuu wa nchi zilizokuwa vitani. Alipendekeza kupunguza silaha kwa pamoja, kutumia usuluhishi badala ya nguvu, kusameheana gharama za vita na kurudisha nchi zilizotekwa. Karl alilipokea pendekezo hilo kwa moyo mkunjufu. Wengine walilijibu kwa ubaridi, na wengine hawakulijibu kabisa. Hata Wakatoliki waligawanyika: mwezi Desemba, mhubiri mashuhuri wa Shirika la Wadominikani alisimama katika kanisa la Madeleine mjini Paris na kutangaza mbele ya waamini kwamba Wafaransa hawakuweza kuipokea amani ya namna hiyo. Utaifa ulikuwa umeingia hadi mimbarani.

Siri ya barua ilifichuka mwezi Aprili 1918. Waziri wa mambo ya nje wa Austria, Czernin, alidai hadharani kwamba Ufaransa ndiyo iliyoomba mazungumzo. Waziri Mkuu wa Ufaransa, Clemenceau, akamjibu kwa kuichapisha barua ya Kaisari. Karl akakana maneno yake kuhusu Alsace na Lorraine. Wanaomtetea husema alihofia nchi yake kuvamiwa na Wajerumani, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Hata hivyo ukweli uliumizwa, na hatuoni sababu ya kulificha hilo katika maisha ya mtu ambaye Kanisa limemtangaza Mwenyeheri. Mwezi Mei alilazimika kwenda Spa, kwenye makao makuu ya jeshi la Ujerumani, na kujifunga kwa mshirika wake kuliko mwanzo. Jaribio la kujinasua likawa limekaza kamba.

Mwisho ulikuja kwa fujo. Mnamo Oktoba 1918 mataifa ya dola yalianza kujitangazia uhuru moja baada ya jingine. Tarehe 3 Novemba mapatano ya kusitisha vita yalitiwa saini katika nyumba ya Villa Giusti, karibu na Padova. Wakuu wa jeshi la Austria waliwaamuru askari wao waache kupigana mara moja, ilhali mapatano yalianza kutumika saa tisa alasiri ya siku iliyofuata. Katika saa hizo askari waliokwisha kuweka silaha chini walitekwa kwa maelfu mengi. Tarehe 11 Novemba Karl alitia saini tamko la kujiondoa katika uongozi wa serikali ya Austria, bila kukana taji lake.

Huku kwetu vita havikujua tarehe hiyo. Von Lettow-Vorbeck alipata habari siku mbili baadaye, akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa, magonjwa na uchovu wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilitokea baada ya barua ya Machi 1917 kukataliwa.

Mwaka 1921 Karl alijaribu mara mbili kurudi Hungaria. Mara ya pili, mwezi Oktoba, askari waliomfuata walipambana na wa serikali huko Budaörs, nje kidogo ya Budapest. Watu kadhaa walikufa. Alipoona kwamba kuendelea kungeleta vita vya wenyewe kwa wenyewe, aliwazuia askari wake na kukubali kukamatwa. Safari hii amri ilikuwa mikononi mwake, naye akaitoa.

Waingereza walimpeleka kwa meli hadi kisiwa cha Madeira. Akiwa huko bila fedha, aliugua homa ya mapafu, akafariki tarehe 1 Aprili 1922 akiwa na umri wa miaka 34. Zita alikuwa mjamzito wa mtoto wao wa nane. Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye baba yake mzazi aliwahi kutumikia jeshi la Austria, alimtangaza Karl kuwa Mwenyeheri tarehe 3 Oktoba 2004. Mwili wake ungali huko Madeira, katika kanisa la Mama Yetu wa Monte, juu ya mji wa Funchal.