Salum Abdallah na Wapenzi Wake

Huku Mzumbe, na katika mji mzima wa Morogoro ulioegemea milima ya Uluguru, jina la marehemu Salum Abdallah Yazidu halijafutika. Tumeona yafaa kulikumbusha, kwani maisha yake yana funzo kwa wananchi na kwa viongozi wenye dhamana ya utamaduni.

Marehemu alizaliwa mwaka 1928, baba yake akiwa Mwarabu na mama yake Mluguru. Ujanani mwake santuri za Kuba, zilizojulikana kwa herufi za GV, zilienea Afrika Mashariki zikamteka moyo. Na muziki ule wenyewe una damu ya Afrika. Mwaka 1948 akaunda bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ikawa Cuban Marimba.

Hapo mwanzo fahari ya wapenzi wa muziki huo ilikuwa kufanana na Wakuba. Kisha wakagawanyika: hawa wa Cuban Marimba, wale wa Morogoro Jazz, bendi iliyomlea Mbaraka Mwinshehe. Ndugu zetu wa Visiwani hawatastaajabu. Taarabu iliyotoka Misri ilizaa Ikhwani Safaa mwaka 1905, kisha vikundi vingine, kila kimoja na wapenzi wake. Ushindani wa namna hiyo haukubali mwigaji. Salum akaujaza mtindo wa ugenini kwa Kiswahili cha watu wake, akaimba mapenzi na nasaha.

Ajali ya gari ilimkatisha mwaka 1965, kabla hajatimiza miaka arobaini. Juma Kilaza akaishika bendi, lakini wapenzi hawakubaki walivyokuwa. Waliocheza ukumbini wakawa wazee. Watoto wao wakaziita nyimbo zile zilipendwa. Na ng'ambo wakazuka wakusanyaji wa santuri kuukuu, wengi wao wasioelewa maneno yake. Mwaka 2000 nyimbo zake zilitolewa upya Ujerumani.

Hatuwalaumu wageni hao, maana wamehifadhi. Twajilaumu wenyewe. Je, mjukuu wa Mluguru amtafute Salum Ulaya? Maofisa Utamaduni, Bara na Visiwani, hawana budi kuandika kumbukumbu za wazee wangali hai, na kuziokoa santuri zinazooza majumbani. Kila mzee anapozikwa, huzikwa na sehemu ya habari hizo. Wahenga walikwisha tuonya: mwacha asili ni mtumwa.