Édouard Lucas

François Édouard Anatole Lucas (Amiens, 4 Aprili 1842 – Paris, 3 Oktoba 1891) alikuwa mwanahisabati kutoka nchi ya Ufaransa. Anajulikana hasa kwa kuthibitisha kwa hesabu ya mkono kwamba 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727 ni namba tasa, yaani haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe.

Maisha

Alisoma École Normale Supérieure mjini Paris, kisha akafanya kazi katika kituo cha elimu ya nyota cha mji huo. Katika vita vya Ufaransa na Prussia (1870–1871) alikuwa afisa wa mizinga. Baadaye alifundisha hisabati katika shule za sekondari za Paris.

Mwaka 1883 alitoa mchezo wa Mnara wa Hanoi, na ndiye aliyeupa mfuatano wa Fibonacci jina lake.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 49. Katika karamu ya wanasayansi kipande cha chombo kilichovunjika kilimkata shavuni, na jeraha likapata maambukizi.

Namba yenye tarakimu 39

Namba hiyo huandikwa kwa kifupi 2¹²⁷ – 1. Mwaka 1644 mtawa Marin Mersenne alitoa orodha ya namba tasa za aina hiyo bila uthibitisho. Vipeo 67 na 127 vilikuwemo.

Kujaribu vigawe kimoja kimoja kusingewezekana katika maisha ya mtu mmoja. Mwaka 1876 Lucas alipata njia ya mkato. Mfano mdogo ni 127, yaani 2⁷ – 1. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe, kisha toa 2. Rudia, ukibakiza kila mara baki la kugawanya kwa 127. Hupatikana 3, 7, 47, 48, 16 na mwishowe 0. Sifuri hiyo baada ya hatua 5 huonyesha kwamba 127 ni tasa. Kwa 2¹²⁷ – 1 zinatosha hatua 125.

Kwa kuwa namba hiyo ni tasa, ikizidishwa kwa 2¹²⁶ huzaa namba kamilifu, iliyo sawa na jumla ya vigawe vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6 na 28.

Lucas alionyesha pia kwamba 2⁶⁷ – 1 si tasa, ingawa hakujua vigawe vyake. Hivyo orodha ya Mersenne ilikuwa na kosa. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole wa Marekani alivitaja vigawe hivyo: 193,707,721 na 761,838,257,287.

Urithi

Namba ya Lucas ilibaki namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana hadi 1951. Njia yake iliboreshwa na Mmarekani Derrick Henry Lehmer, na chini ya jina la jaribio la Lucas–Lehmer hutumiwa hadi leo na kompyuta zinazotafuta namba tasa zenye mamilioni ya tarakimu.