Thomas Edison na betri ya magari ya biashara

Tukitaja jina la Thomas Edison hewani, wengi wenu hukumbuka balbu. Lakini kuna kazi nyingine iliyomchukua takriban miaka kumi, na ndiyo tunayoieleza leo, kwa sababu inahusu mjadala unaosikika sana vijiweni kwa bodaboda siku hizi: chombo cha umeme cha kutafutia riziki kitachajiwa wapi, saa ngapi, na betri yake itadumu?

Edison alizaliwa Februari 11, 1847, katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani. Shule aliisoma miezi michache tu. Mama yake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, ndiye aliyemfundisha nyumbani. Akiwa mvulana aliuza magazeti na peremende kwenye treni ya kwenda Detroit, na masikio yake yakaanza kuwa mazito mapema. Akawa fundi wa telegrafu, kisha mgunduzi, na mwaka 1882 akafungua kituo cha kuzalisha umeme katika mtaa wa Pearl, New York.

Alipoanza kushughulikia betri, mwaka 1899 hivi, alikuwa amepita miaka 50 na tayari ni tajiri. Miji ya Marekani ilikuwa imejaa farasi waliovuta mikokoteni ya mikate, bia na vifurushi. Magari ya umeme yalikuwepo. New York ilikuwa na teksi za umeme, na kituo ambako betri iliyokwisha ilitolewa kwa winchi na iliyojaa ikawekwa mahali pake. Shida ilikuwa betri zenyewe. Zilikuwa za risasi na tindikali, nzito, na ukiiacha imeisha chaji siku kadhaa inaharibika. Barabara mbovu nazo zilizitikisa mpaka zikafa mapema.

Hata hivyo, hesabu ya biashara ilikuwa nzuri. Gari la kusambaza mikate hupita njia ileile kila siku na jioni hurudi yadi. Usiku watu wakizima taa, mitambo ya umeme hubaki na nafasi. Gari likichajiwa saa hizo, asubuhi linatoka limejaa. Mwenye magari 20 hana haja ya kutafuta umeme njiani. Anahitaji nyaya na fundi mmoja makini hapo yadini.

Edison alianzisha kampuni ya betri mwaka 1901, na mwaka 1903 betri yake ya nikeli na chuma, yenye maji ya potashi badala ya tindikali, ikaingia sokoni. Malalamiko hayakuchelewa. Betri zilivuja, na nyingine zikapoteza nguvu. Mwaka 1904 alisimamisha uzalishaji na kuanza kuzirudisha. Angeweza kuendelea kuuza kwa jina lake tu, na watu wangenunua. Sisi tunaona hilo ndilo jambo la kumheshimu kuliko balbu.

Ilimchukua miaka mitano mingine. Yalifanyika majaribio maelfu. Magari yalipitishwa makusudi kwenye barabara mbovu, na betri zikaangushwa kutoka madirisha ya ghorofani. (Hakuwa peke yake: Mswidi Waldemar Jungner alifanyia kazi betri za aina hiyo wakati huohuo, na wakagombania haki za ugunduzi.) Betri mpya ilitoka mwaka 1909. Ilivumilia kuchajiwa kupita kiasi, na hata ikiachwa imeisha chaji haikufa. Ilikuwa ghali, na kwenye baridi kali ililegea, lakini wenye maduka makubwa na kampuni za vifurushi waliipenda.

Katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, kampuni ya umeme ilikwenda mbali zaidi miaka hiyohiyo ya 1910. Mwenye lori alinunua gari bila betri, kisha akalipia betri kwa mwezi na kwa umbali aliotembea. Ikiisha chaji, anabadilishiwa. Dereva wa bodaboda ya umeme anayebadilisha betri leo Nairobi au Kigali angeuelewa mpango huo bila kufafanuliwa.

Kwa magari ya watu binafsi, Edison alichelewa. Henry Ford, aliyewahi kuajiriwa na kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit, alikuwa ameleta gari la bei nafuu la petroli mwaka 1908. Kuanzia 1912 magari ya petroli yakaanza kuwashwa kwa umeme, bila kupiga hendeli. Mwaka 1914 ilitangazwa kuwa Ford na Edison wanaandaa gari la umeme la bei nafuu, halikutoka.

Edison alifariki Oktoba 18, 1931, huko West Orange, New Jersey, akiwa na miaka 84. Betri zake ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1970, zikitumika migodini na kwenye reli.