YUSUF BIN HASSAN: MFALME ALIYEREJEA KATIKA DINI YAKE

Idi ikifika in shaa Allah wengi wenu mtawapeleka watoto Fort Jesus. Mtapiga picha kwenye mizinga, mtaangalia vitu vilivyoopolewa kutoka merikebu ya Kireno iliyozama hapo mbele 1697, kisha mtatoka nje kutafuta viazi karai. Si vibaya. Lakini kabla hujaingia, hebu mjue kijana mmoja ambaye ngome ile ilimlea, ikamtesa, na mwisho akaiteka.

Wareno waliijenga ngome kati ya 1593 na 1596. Wakamweka Mombasa mfalme Mwislamu kutoka ukoo wa Malindi, na baadaye mwanawe Hassan bin Ahmad akarithi. Hassan hakuelewana na kapteni wa ngome. Alikimbilia bara, na 1614 akauawa huko na watu waliolipwa na Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa, India.

Alikuwa na mtoto wa miaka saba hivi, Yusuf. Sasa fikiri, msomaji: waliomuua baba ndio waliomchukua mtoto. Alipelekwa Goa vilevile, akalelewa na mapadri wa Augustino, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Akafunzwa ubaharia na vita, akaoa mke wa Kikristo, akapewa na cheo cha heshima cha Ureno. Mtoto wa darasa la pili angelipinga vipi? Mimi simlaumu hata kidogo kwa ule ubatizo.

1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Mwaka uliofuata alimwandikia Papa barua ya utiifu. Kwa Wareno kazi ilikuwa imekamilika, lakini raia zake walikuwa Waislamu na yeye ni mfalme Mkristo, na kapteni naye alimdharau mbele ya watu. Kumbe usiku alikuwa akienda kwenye kaburi la babake, akiomba dua kama Waislamu wanavyoomba. Mtu akamuona, habari zikafika kwa kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, na ikapangwa akamatwe apelekwe Goa kushtakiwa.

Yusuf hakungoja. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni tu, akamchoma kapteni kisu, na ngome ikawa yake. Akatangaza kuwa yeye ni Mwislamu na jina lake ni Yusuf.

Hapa ndipo wengi wetu hupiga takbiri na kufunga kitabu. Tusifunge. Wareno waliobaki mjini, na Waafrika waliokuwa wamebatizwa, walitakiwa wasilimu, na waliokataa wakauawa. Walikuwamo wanawake na watoto. Kesi ya kanisa iliyosikizwa Goa baadaye ilihesabu takriban watu 300. Ni kweli mashahidi wale walikuwa wa upande mmoja, lakini tukio lenyewe halina ubishi. Nasi tumesomeshwa madrasa tangu tukiwa na juzuu mkononi kwamba dini hailazimishwi, na kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuua wanawake na watoto vitani. Basi mwanao akikuuliza pale ndani kama Yusuf alikuwa mtu mzuri, usimjibu haraka haraka. Dhulma aliyofanyiwa ni kweli, na dhulma aliyofanya pia ni kweli. Mwambie zote mbili.

Mapema 1632 Wareno walileta manowari kutoka Goa, wakapigwa na kurudi mikono mitupu. Hata hivyo Yusuf alijua watakuja tena. Mwezi wa Mei akaiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapanda merikebu aliyowateka Wareno wenyewe, akaondoka. Walirudi mwaka huohuo wakaikuta tupu.

Ukiwa mlangoni, inua macho juu. Kuna maandishi ya Kireno kwenye jiwe, ya 1635. Kapteni mpya, Francisco de Seixas de Cabreira, kijana wa miaka 27, anajisifu jinsi alivyoijenga upya ngome na jinsi alivyowaadhibu watu wa Pate, Siyu na Pemba. Mambo ya Yusuf yalilipwa na miji mingine kabisa! Wasomee watoto jiwe lile, kwa maana watu hulipita wakikimbilia kukata tiketi. Halafu ndani waonyeshe magofu ya kanisa. Wareno waliendelea kuishikilia ngome hadi 1698, Waomani walipoichukua baada ya kuizingira karibu miaka mitatu.

Yusuf naye aliishia baharini, akivizia meli za Wareno kwenye Bahari ya Hindi na pwani za Arabuni. Alifariki 1638 huko Jeddah, mlango wa mahujaji waendao Makka, akiwa na umri wa miaka 31 hivi. Mombasa hakuitawala tena.