Sir Charles Eliot na Konokono wa Wasini

Muhula huu nimetakiwa niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, nami nimemchagua Sir Charles Eliot. Sababu yangu ni kwamba nimezaliwa Wasini, kisiwa kidogo cha kusini mwa pwani ya Kenya, na bwana huyu ndiye aliyelitia jina la kisiwa chetu katika elimu ya wanyama.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1862, akasoma Oxford. Alikuwa hodari mno wa lugha, hata mwaka 1890 akatoa kitabu cha sarufi ya Kifini. Aliitumikia Serikali yake katika Urusi, Moroko, Uturuki na Marekani. Mwaka 1900 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo leo ni Kenya.

Kamishna alikuwa mkubwa wa nchi nzima, lakini kila alipopata nafasi alichunguza konokono wa bahari wasio na gamba. Sisi watoto wa Wasini huwaona mwambani maji yakipwa wakati wa bamvua. Ni laini, na wengine wana rangi kali kama kanga mpya. Kichwani wana pembe mbili za kunusia, na wengi wao hupumua kwa matamvua yaliyo wazi mgongoni, yamechanua kama ua.

Zamani nilikuwa nikijiuliza, mnyama laini namna hii, asiye na nyumba ya kujifichia, mbona samaki hawammalizi? Jibu limo katika chakula chake. Ulimi wake una meno madogo mengi ya kukwangulia. Wako wanaokula sifongo wenye sumu. Sumu ile haiwadhuru, bali huiweka katika ngozi zao, na rangi zao kali huwaonya maadui wasiwaguse. Yuko mmoja mkubwa, mwekundu, apatikanaye pwani yetu, ambaye huitia sumu hiyo hata katika mayai yake. Wengine hula wanyama wawashao kama upupu, jamaa za konyeza. Vijishale vya sumu ambavyo havijafyatuka hupita tumboni mwa konokono salama, vikaenda kukaa katika ncha za vidole vya mgongoni mwake. Samaki akimwuma, huchomwa kwa silaha ya kuazima.

Tangu mwaka 1902 Eliot alitangaza habari za konokono hawa wa Unguja na wa pwani yetu. Mwaka 1904 alimpa mmoja wao jina la Halgerda wasinensis, yaani wa Wasini. Huyu ni wa jamaa ya wale walao sifongo.

Nilipofika hapo nilimsomea rafiki yangu wa bwenini, Mmaasai wa Narok. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza Kamishna huyo aliifanyia nini ardhi. Sikuwa nimeandika hata neno moja! Nikaona haya, nikarudi maktaba.

Kumbe Eliot alitaka nyanda za juu zikaliwe na walowezi wa Kizungu, na malisho ya Wamaasai katika Bonde la Ufa aliyahesabu kuwa ni ardhi ya kugawiwa hao. Mwaka 1904 alijiuzulu, kwa kuwa wakubwa wake wa London walimkataza kuwapa ardhi huko Wazungu wawili. Hata hivyo kuondoka kwake hakukuwaponya Wamaasai. Mwaka huo huo, chini ya Kamishna aliyemfuata, walitiliwa mkataba wa kuliacha Bonde la Ufa, na kwa mkataba wa 1911 wale wa Laikipia wakahamishwa tena kwenda kusini. Rafiki yangu aliniambia kwamba wazee wa ukoo wake walikuwa miongoni mwao, wakiswaga ng'ombe wao.

Eliot akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Sheffield mwaka 1905, na wa Hong Kong mwaka 1912. Mwaka 1919 aliteuliwa kuwa Balozi Japani. Aliandika pia vitabu vikubwa juu ya dini za Kihindu na Kibuda. Alikufa melini tarehe 16 Machi 1931, akirudi kwao, akazikwa baharini.

Sikufuta sifa zake, maana ni za kweli. Lakini jambo moja limenikaa moyoni. Mtu huyu alimwinamia mnyama wa urefu wa kidole, akamchungua kwa subira kila kiungo. Wafugaji nao walikuwa na chakula chao, ambacho ni ng'ombe, na chakula cha ng'ombe ni majani. Laiti angaliwachungua kwa subira ile ile kabla ya kuigawa nchi yao! Sisi tunaosoma, ambao kesho tutakuwa maofisa, tusiisahau habari hii.

Rafiki yangu hajaiona bahari bado. Likizo ijayo nitakwenda naye Wasini, tungoje bamvua, tumtafute pamoja konokono wetu.