Napoleon: Jenerali aliyebebwa na Mapinduzi, kisha akayageuza

Napoleon Bonaparte alizaliwa Agosti 15, 1769 mjini Ajaccio, kisiwani Corsica. Shuleni Ufaransa wenzake walimcheka kwa lafudhi yake.

Bila Mapinduzi ya 1789 asingefika mbali. Vyeo vya juu jeshini vilikuwa vya watoto wa wakubwa. Mapinduzi yakafungua mlango, na baada ya bandari ya Toulon kukombolewa Desemba 1793, akapewa ujenerali akiwa na miaka 24 tu.

Kufikia 1799 serikali ya Paris ilikuwa hoi: fedha hamna, rushwa kila kona. Novemba 10 Napoleon akaingia bungeni Saint-Cloud na askari wachache. Wabunge wakamzomea, wakamsukumasukuma, na jamaa aliyezoea mizinga akababaika mbele ya watu wasio na bunduki!

Aliyemwokoa ni mdogo wake Lucien, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza kikao. Alitoka nje akawaambia askari kuwa ndani kuna watu wenye visu wanataka kumuua jenerali. Askari wakaingia na singe, na wabunge wengine wakatokea madirishani. Basi, nchi ikawa mikononi mwake.

Hakufuta kila kitu. Wakulima walionunua mashamba ya Kanisa walibaki nayo, na Sheria ya Kiraia ya 1804 ikaweka usawa mbele ya sheria. Usawa wa wanaume, lakini. Mke aliamriwa kumtii mumewe. Magazeti ya Paris nayo yalikuwa 73. Mapema 1800 alifunga 60.

Pigo kubwa zaidi liliwaangukia watu weusi. Februari 1794 wanamapinduzi walikuwa wamefuta utumwa katika makoloni yote. Mei 1802 sheria ya Napoleon ikauhalalisha Martinique na kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi, walikokuwa wakipelekwa pia watumwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Miezi michache baadaye ukarudishwa Guadeloupe.

Huko Guadeloupe ofisa wa jeshi hilohilo la Ufaransa, Louis Delgrès, alikataa. Alipozingirwa Matouba Mei 28, 1802, alijilipua kwa baruti pamoja na wenzake wapatao 300.

Saint-Domingue mambo yakamgeukia. Toussaint Louverture alikamatwa kwa hila, akafia gerezani Ufaransa Aprili 1803, lakini watu wake hawakuacha kupigana. Homa ya manjano nayo ikawamaliza askari, akiwemo kamanda wao Leclerc, shemeji yake Napoleon. Januari 1, 1804 nchi hiyo ikawa Haiti huru.

Desemba 2 mwaka huohuo, mbele ya Papa, Napoleon alijivika mwenyewe taji la ukaisari. Miaka 11 tu ilikuwa imepita tangu Wafaransa wamkate kichwa mfalme wao.

Alikufa uhamishoni St Helena Mei 5, 1821. Ufaransa ilifuta tena utumwa mwaka 1848.